Re: Kaniambia "sevenish", niende saa ngapi?

Mambo vipi mkuu. Kwa hiyo jamaa kakuandikia "come around sevenish, we'll eat or something" (njoo kwenye saba hivi, tutakula au vipi) na umekwama hapo. Cheki saa kwanza, maana hiyo seven ya Kiingereza ni saa moja yetu, na hako ka-ish ka mwishoni ni kama "hivi" yetu tu, saa moja hivi, ukichelewa dakika kumi hakuna atakayenuna (ila kwenye intavyuu usijaribu). "Or something" wala usihangaike nayo kwenye kamusi, anakuachia nafasi upendekeze kingine. Inayochanganya kweli ni "we should meet sometime" (tuonane siku moja), hiyo mara nyingi ni adabu tu, we mtajie siku, akianza kuzungukazunguka ujue hakuna miadi hapo.