Kidege Hakukosa Kitu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kutoka huko Doha, baada ya kusikia bendi ya hoteli ikiimba "Malaika": kidege yule kakosa nini hata aambiwe "hukuwaza"? Na mbona zamani wimbo ukifika hapo nilikuwa napunguza sauti ya redio?

Kidege hakukosa kitu. "Hukuwaza" pale ni huwa nakuwaza, kila mara. Lakini sikio la Mswahili husikia na lile jingine: wewe hukuwaza, hukunifikiria. Herufi ni zile zile. Mimi nililisikia la pili.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mabati Kamukunji, hapa Nairobi, akigonga masanduku ya wanafunzi. Alipotuma wazee mara ya kwanza, babu yako alitaja mahari, wazee wakamaliza chai yao, wakaondoka kimya. Jioni ile baba yako akapita nyuma ya nyumba yetu hapa Majengo akiimba wimbo huo, na sauti yenyewe hakujaliwa. Alipofika kwa kidege nikajua ananisuta, kwamba nilikaa ndani nikawaachia wazee. Nililia hadi ushungi ukalowa. Mwaka mzima, nikienda mjini, nazungukia Kariokor nisikutane naye.

Wimbo wenyewe Fadhili William aliurekodi hapa hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Miriam Makeba akauvusha ng'ambo. Wapo wanaosema mtunzi hasa ni Adam Salim. Ugomvi huo siuingilii; mwenye kuumia humo ni kijana asiye na pesa, na hao tunao kila mtaa.

Aliyenizibua masikio ni bibi yako, tukichagua mchele. "Mwanamume kasema ningekuoa," akaniambia, "wewe wasikia kidege tu?" Nikakumbuka darasani: -nge- ni la jambo ambalo bado laweza kuwa, -ngali- ni la lililokwisha kupita. Angaliimba "ningalikuoa", ningalijua amenipa kisogo. (Najua siku hizi mnachanganya hizo mbili, hata magazetini.) Kumbe muda wote ule alikuwa ameacha mlango wazi, nami nimesimama nje nalia.

Kesho yake nikapita Kamukunji. Hatukusemezana. Aliniona, akaendelea kugonga. Baada ya Ramadhani wazee wakarudi na nusu ya mahari, na sanduku la bati alilolitengeneza mwenyewe, la kijani. Babu yako alilikagua kufuli kwa muda mrefu kuliko alivyozihesabu pesa.

Sauti ya redio naipunguza mpaka leo, mwanangu. Sasa ni kwa sababu simsikii tena yule asiyejua kuimba.

Sanduku bado liko chini ya kitanda, pembe moja imeliwa na kutu. Mchumba wako alikuja Jumapili, akalivuta, akauliza kama laweza kupakwa rangi upya. Jana nimelipeleka kwa fundi. Kijani mchumba wako amekikataa, anataka buluu. Nimemwambia likiwa tayari akae nalo yeye.

Mama yako