Barua ya Wapendanao naiuza kwa doti

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: Siku ya Wapendanao ilitoka wapi, na ina nafasi gani kwetu? Mimi nauza kanga hapa Mtwara mjini, na kila Februari mabishano ni yale yale mbele ya meza yangu. Huyu anasema ni sikukuu ya kanisa, sisi Waislamu haituhusu. Yule anasema ni mambo ya Wazungu tu.

Kanisa lenyewe haliitilii mkazo. Valentine alikuwa shahidi wa dini aliyeuawa Roma karne ya 3, na habari zake ni haba mno, hata mwaka 1969 Kanisa Katoliki likaiondoa siku yake kwenye kalenda yake ya dunia nzima, ingawa yeye bado ni mtakatifu. Mapenzi yaliingia baadaye sana, tena kupitia ushairi. Karne ya 14 Mwingereza Geoffrey Chaucer alitunga shairi la ndege wanaokusanyika siku hiyo, kila mmoja achague mwenzi wake. Watu nao wakaanza kuitana Valentine, wakaandikiana.

Barua inayonigusa ni ya Februari 1477. Binti wa huko Norfolk, Uingereza, Margery Brews, alikuwa akiposwa na John Paston, mambo yakakwama kwenye mahari. Kwao mahari ilitoka upande wa mwanamke, na baba mtu hakutaka kuongeza. Margery akampelekea John barua, akamwita Valentine wake mpenzi, akamweleza kuwa mama amembembeleza baba bila mafanikio. Akamwambia: basi kama unanipenda kweli, hutaniacha kwa ajili ya mali. Wakaoana. Na barua yenyewe hakuiandika kwa mkono wake. Yeye alitamka, karani akaandika.

Sasa niambieni kama hilo ni geni pwani hii. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno ya chini. Mteja anayejua kanga hatazami rangi kwanza, anainama kusoma jina. "Japo sipati, tamaa sikati." "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." Bibi zetu wametumiana maneno hayo bila kufungua kinywa. Ndiyo maana naumia nikimwona kijana analipia ua la plastiki kwenye karatasi ya kung'aa, akaenda kumkabidhi mwenzake bila neno lolote. Ua halisemi.

Mwaka jana, tarehe 13, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Akaja mzee mmoja, mvuvi wa Mikindani, suruali imekunjwa hadi magotini. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, nisomee hizi, mimi sikusoma." Nikamfunulia moja moja. Ya kwanza akaikataa, akasema hiyo ni ya kugombana na majirani. Ya pili ilisifu mama mzazi, akatikisa kichwa. Kwenye ya sita au ya saba nikasoma: "Tulizo la moyo wangu ni wewe."

Akanyamaza. Akaniomba nirudie. Kisha akaweka kidole chake, kimepasuka kwa kamba za nyavu, kwenye herufi ya kwanza, akakisogeza taratibu huku mimi nikitamka, mpaka mwisho. Tulirudia mara tatu. "Akiniuliza pameandikwa nini," aliniambia, "nimjibu bila kuuliza mtu." Nikamkatia doti, nikaikunja jina likiwa juu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe.

Siku nne baadaye mama mmoja alisimama mezani kwangu, ameifunga kanga ile ile kiunoni, pindo limeshashonwa. Tukasalimiana. Akauliza kama nina kanga ya kiume yoyote, au hata kikoi. Nikamwambia vikoi vipo, ila havina jina.

"Basi nipe kikoi," akasema, "na jina nitamtamkia mwenyewe."