Mume wangu anajenga, sisi tunangoja

Shangazi, nina miaka 34. Mume wangu ni fundi umeme, mimi ni mama lishe. Tumepanga vyumba viwili Mbagala na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6. Tangu 2019 anajenga Chanika na boma limefika linta. Kila hela, hata ya mtaji wangu, inaishia kule. Watoto hawajawahi kufika kwa bibi yao, mama yangu, Kihonda, Morogoro, na macho yake yameanza kufifia. Nikigusia safari naambiwa, "Tutapumzika tukihamia kwetu." Je, mimi ndiye mpenda starehe?
Mama Wawili, Mbagala

Mwanangu, hapana. Kutaka wanao waonwe na bibi yao angali anaona si starehe, na usikubali kuitwa hivyo.

Mumeo naye simlaumu. Mtu aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, huku mwenye nyumba akipandisha anapojisikia, akipata kiwanja hujenga kama anayekimbizwa. Hofu hiyo ni ya kweli na inawahusu wote wanne. Shida yangu ni hilo neno "tukihamia". Lini? Baada ya linta kuna kupaua, bati, plasta, milango, madirisha, choo, maji, umeme, dari, vigae, rangi, kisha ukuta na geti. Asipoitaja hatua ya kuhamia, atapata sababu ya kungoja mpaka wanao wamalize sekondari.

Basi muulize, siku ambayo hajarudi amechoka: "Baba, tukiwa na nini tunahamia?" Watu wengi wa Dar es Salaam huhamia nyumba ikishaezekwa, vyumba viwili vikiwa na milango na madirisha, choo kinafanya kazi na maji yapo. Mengine hufuata wakiwa ndani, kwa ile hela iliyokuwa ikienda kwenye kodi. Fundi wenu awapigie hesabu ya kutoka linta mpaka hapo tu, msiichanganye na ya vigae. Na kama mumeo ananunua saruji ya kuweka akiba, aache. Kwa unyevu wa Pwani, mfuko ukikaa miezi kadhaa hushika ukawa jiwe, na hapo hela mliyojinyima imekwenda bure.

Mtaji wako usiguswe. Biashara ya chakula bila mtaji hufa ndani ya wiki, na biashara hiyo ndiyo inayowalisha wanao boma likisubiri bati. Changia kutoka kwenye faida, kiasi mlichokubaliana, uandike kwenye daftari. Tena angalia mkataba wa kununulia kiwanja umeandikwa jina la nani. Si kwamba namshuku mumeo. Hela yako imo mle, na ni haki yako jina lako nalo liwemo.

Sasa Morogoro. Treni ya SGR ilipoanza safari hizo 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 13,000, na watoto wa umri wa wanao nusu yake. Kwa nauli hiyo, kwenda na kurudi familia nzima ni 78,000, kama mifuko mitano hivi ya saruji. Hakuna boma linalokwama kwa sababu ya mifuko mitano. Na stesheni yenyewe iko hukohuko Kihonda kwa mama.

Usiende kwa siri. Mwambie mumeo kwamba likizo ya Juni mnakwenda, kwamba nauli unaiweka kidogo kidogo kutoka kwenye faida yako, na kwamba unatamani awepo. Akisema ana kazi, nenda na watoto siku mbili. Mama yako mpigie leo umtajie mwezi, na huko mkifika mpelekeni kliniki ya macho. Kama ni mtoto wa jicho, hufanyiwa upasuaji na watu wengi wakaona tena.

Shangazi