Lipe Gari Lako Jina Kabla Mtaa Haujalipa

Juma lililopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba amenunua Toyota IST namba D ya kuchukulia kabichi Mgeta, na akauliza kama jina la Malkia litalifaa. Halitalifaa hata kidogo, kwani gari hupewa jina kwa kazi yake, na jina la kujikweza ndilo linalogeuzwa kejeli upesi. Ila aharakishe kutafuta jingine, maana mtaa haumsubiri mtu. Waliozinunua Land Cruiser za wakubwa si wao walioziita mashangingi, wala vigari vya mizigo havikuitwa kirikuu kwa idhini ya wenyewe, na sidhani kama yale magari ya abiria ambayo wazee wa Dar es Salaam wanayakumbuka kwa jina la chai maharage yalikuwa na mmiliki aliyeombwa ushauri.

Corolla yangu ya kwanza ilikuwa haijamaliza mwezi Tabata wakati vijana wa kijiweni walipoanza kuiita Sukuma Twende, eti kwa sababu asubuhi betri ilikuwa inalala. Nilibadilisha betri, nikabadilisha na alternata, lakini jina halikubadilika, hata fundi alipiga simu akasema, "Kaka, Sukuma Twende imepona, njoo uichukue." Mnunuzi alipokuja alikuwa ameshalisikia, akakata bei kabla hajafungua boneti. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Noah niliyoinunua baadaye niliipa jina kabla haijavuka geti. Inaitwa Bi Shughuli, kwa kuwa kila Jumamosi hubeba masufuria, mabusati na akina mama wa harusini, na sasa majirani wanabisha hodi wakiuliza, "Bi Shughuli yupo?" bila hata kunijulia hali mimi.

Epukeni pia majina yenye ukoo ndani yake. Rafiki yangu aliliita lake Bi Mdogo, kisha akamwandikia fundi kwamba amemnunulia Bi Mdogo viatu vipya. Shemeji yetu aliusoma ujumbe huo, na maelezo kuhusu matairi yalimfikia akiwa tayari kwao Tanga.

Ndugu zangu, jina la gari huota mizizi kwa kutamkwa, basi litamkeni kila siku mbele ya fundi, muosha magari na watoto. Wapo wanaoona ni bora liandikwe kwenye kibao maalumu cha namba, ambacho ada yake ni mamilioni ya shilingi kwa kila miaka 3. Mwenye fedha hizo na azitoe. Bi Shughuli ana kibao cha kawaida cha namba C, na walinzi wa kumbi humfungulia geti kabla sijapiga honi.