Maswali ya wanaohama jimbo: nyumba kubwa, barua kubwa

Tangu Januari napokea swali lilelile lililobadilishiwa kanga tu: tunatoka Massachusetts, au New Jersey, au Minnesota, tunakwenda Texas au Georgia, huko nyumba ni rahisi, unatushauri nini? Nimechagua machache niyajibu hapa. Wale mlioandika "nataka kuhama, naomba maelekezo" bila kusema mko wangapi, mnafanya kazi gani na makaratasi yenu yakoje, sijawajibu na sitawajibu.

Mama, tuko Lowell, watu watano kwenye vyumba viwili. Pango ni dola 2,600. Mume wangu ameona nyumba mpya ya vyumba vinne kaskazini mwa Dallas, na wauzaji wanasema malipo ya mwezi yatakuwa 2,700 pamoja na kodi na bima. Tofauti ni dola mia tu! Tusaini?

Msisaini bado. Nyumba inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini hiyo 2,700 ni ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza Texas ni fungate.

Mimi nilitoka hukohuko kwenu. Nilinunua nyumba inayonuka rangi mbichi, yenye meza ya mawe katikati ya jikoni ambayo nilikuwa naipapasa kila nikipita. Mwaka wa pili, asubuhi moja natoka shifti ya usiku, nikafungua barua ya kampuni ya mkopo: malipo yamepanda karibu dola 900 kwa mwezi. Nilidhani wamekosea anwani. Niliwapigia simu nikiwa nimesimama jikoni na viatu vya kazini, na binti wa upande wa pili akanieleza kwa upole wa mtu anayeeleza jambo hilo mara arobaini kwa siku.

Jambo lenyewe ni hili. Kodi ya majengo Texas hukadiriwa kwa hali ya mali ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Kama siku hiyo nyumba yako ilikuwa kiwanja chenye udongo na vigingi, mwaka ule unatozwa kodi ya udongo na vigingi. Tuseme kiwango cha jumla ni asilimia 2.3, kiwanja ni dola 70,000 na nyumba ikikamilika ni 380,000. Kodi ya kiwanja ni 1,610 kwa mwaka, yaani 134 kwa mwezi. Kodi ya nyumba nzima ni 8,740, yaani 728 kwa mwezi. Kama mkopeshaji alikuwa anakukata 134 tu na kuiweka kwenye akaunti ya esikro, ile anayotunzia fedha za kodi na bima yenu, bili halisi ikija anailipa, kisha anakugeukia. Atakukata 728 kuanzia sasa, na juu yake 594 kila mwezi kwa miezi 12 kufidia pengo la mwaka uliopita. Hapo umepanda karibu dola 1,200 kwa mwezi bila kuongeza hata kitasa. Wapo wakopeshaji wanaohesabu kodi kamili tangu siku ya kwanza. Waulizeni wenu anahesabu ipi, na awajibu kwa maandishi.

Ulizeni pia hiyo asilimia imeundwa na nini. Mitaa mipya mingi iko ndani ya wilaya ya maji na mifereji, wenyewe wanaiita MUD, ambayo ilikopa fedha za kutandaza mabomba na sasa ninyi ndio mnaolipa deni. Nyumba mbili zinazotazamana, moja ina MUD na nyingine haina, hazigharimu sawa hata zikiuzwa bei moja. Halafu kuna HOA, chama cha wenye nyumba, chenye ada yake na barua zake kuhusu urefu wa nyasi. Msidharau barua hizo, kwa sababu Texas HOA inaweza kuweka dai juu ya nyumba na hata kuiuza kwa deni la ada.

Halafu bima. Kaskazini mwa Texas mvua ya mawe si hadithi, huwa inaondoka na paa. Mikataba mingi inataka mtoe mfukoni asilimia 1 au 2 ya thamani iliyokatiwa bima kabla kampuni haijaweka senti. Nyumba iliyokatiwa 350,000, asilimia 2 ni dola 7,000. Mnazo?

Mkinunua, jazeni fomu ya msamaha wa homestead, yaani punguzo la kodi kwa nyumba mnayoishi wenyewe, kwenye ofisi ya ukadiriaji ya kaunti kabla ya 30 Aprili. Tangu kura ya Novemba 2025, dola 140,000 za kwanza za thamani ya nyumba mnayoishi haziguswi na kodi ya shule. Fomu ni bure. Zitakuja barua zenye nembo za kutisha zikiwataka mlipe ili "mjaziwe". Zichaneni.

Ushauri wangu ni uleule ambao watu hawaupendi: pangeni mwaka mmoja kwanza. Mtajua barabara za kulipia zinakula kiasi gani kwa wiki na bili ya kipoza hewa ya Agosti inafikia wapi. Mshahara nao utajieleza. Kima cha chini Massachusetts ni dola 15 kwa saa, Texas ni 7.25. Najua ninyi hamlipwi kima cha chini, lakini ngazi zote za juu huning'inia kwenye ile ya chini. Msilinganishe bei ya nyumba ya Texas na mshahara wa Lowell.

Ni kweli Texas hakuna kodi?

Hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Ile ya serikali kuu iko palepale, na ile ya majengo nimeshaimaliza hapo juu. Anayekwambia "Texas hakuna kodi" ana nyumba anauza.

Mimi ni nesi, RN, New York. Mke wangu ni CNA, msaidizi wa manesi. Tunahamia Georgia mwezi ujao. Leseni zetu zitatambulika?

Mwezi ujao! Swali hili huulizwa miezi minne kabla. New York haimo kwenye mkataba wa leseni za manesi baina ya majimbo, kwa hiyo leseni yako haivuki mpaka. Georgia imo. Unaomba leseni ya Georgia kwa kuidhinishiwa ile uliyonayo, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri. Ukishakuwa mkazi wa Georgia unaweza kupewa ile ya majimbo mengi. Aliye nayo tayari, mfano wa New Jersey, akihama ana siku 60 kuomba ya jimbo jipya. Asijidanganye kwamba ya zamani itambeba mpaka iishe muda.

Mkeo hayumo kwenye mkataba huo. CNA ni daftari la kila jimbo kivyake, na Georgia watataka jina lake liwe hai na safi kwenye daftari la New York. Aombe kuhamishwa sasa hivi, kabla hajaacha kazi. Nimeona wanandoa wamekaa wiki saba kwenye nyumba ya vyumba vinne, wote wawili hawana kibali cha kumgusa mgonjwa, wanakula akiba.

Nimepata lori kwenye grupu ya WhatsApp, dola 1,900 kutoka Maryland hadi Houston, nyumba nzima. Wengine wanaomba 5,000. Nichukue?

Rahisi ghali. Muulize namba yake ya USDOT, ya usajili kwenye wizara ya uchukuzi ya serikali kuu, uiangalie kwenye tovuti ya FMCSA, idara inayosimamia malori, nayo ni bure. Muulize pia kama yeye ndiye mwenye lori au ni dalali anayeuza kazi yako kwa mtu mwingine. Wengi ni madalali. Mchezo wao ni mmoja: wakishapakia, mizigo "imezidi uzito", na vitanda vya watoto vinakuwa mateka ghalani. Sheria iko upande wako ikiwa una makadirio kwa maandishi. Kwa makadirio yasiyofunga, yaani ambayo bei yake inaweza kubadilika, ukilipa asilimia 110 ya kiasi kilichoandikwa lazima washushe, na kilichobaki mtadaiana baadaye. Kwa maneno ya WhatsApp utamdai nani?

Tena ile fidia ya bure wanayokupa ni senti 60 kwa kila ratili. Runinga ya ratili 50 ikivunjika ni dola 30. Vyeti vya kuzaliwa, pasi za kusafiria na dhahabu ya mama vinasafiri mapajani mwako.

Na kwa kuwa ni Houston: bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Waulize waliokuwapo kimbunga Harvey kilipopita Agosti 2017. Bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata, kwa hiyo usingoje kuliona wingu.

Jambo Mama. Niko na kesi ya hifadhi kwenye mahakama ya uhamiaji ya Boston. Ndugu zangu Wakongo wako Columbus, Ohio, wanasema maisha ni nafuu. Nikihama, kesi itanifuata yenyewe?

Haitakufuata, ndugu yangu, na hapa naomba usome polepole.

Ndani ya siku 5 za kazi baada ya kuhama, mahakama lazima ipate fomu EOIR-33 yenye anwani mpya, na nakala iende kwa mwanasheria wa serikali. Kuna fomu nyingine, AR-11, ya USCIS, idara ya uhamiaji, ndani ya siku 10. Hiyo ya pili inawahusu hata wenye grinikadi, ambao wengi wenu mmeisahau tangu mlipoipata. Kuijaza moja hakuondoi nyingine, na kubadilisha anwani posta hakuondoi yoyote kati ya hizo.

Sasa pale watu wanapoangamia. Kubadilisha anwani hakuhamishi kesi. Ili isikilizwe Cleveland, ambako ndiko mahakama ya Ohio iliko, lazima uwasilishe ombi la kuhamisha kesi na jaji akubali. Hadi siku atakapokubali, tarehe yako ni ya Boston na unapaswa kuonekana Boston, hata kama ni kwa basi la usiku. Usipoonekana, jaji anaweza kutoa amri ya kukuondoa nchini bila wewe kuwapo, na kuifuta ni kazi ya jasho na pesa nyingi. Ongea na wakili kabla hujalipa amana ya nyumba Columbus. Wakili, si mchungaji, wala yule jirani anayejaza fomu za watu kwa dola mia.

Shule nzuri ziko wapi Texas?

Jimbo ni kubwa kuliko Kenya. Uliza la maana.

Nitakupa moja tu la bure. Jina la mji kwenye anwani halisemi mtoto atasoma wapi. Ziko nyumba zenye anwani ya Katy, karibu na Houston, ambazo hazimo kwenye wilaya ya shule ya Katy, na dalali hatalazimika kukukumbusha. Chukua namba ya nyumba yenyewe, ipeleke kwenye ramani ya wilaya ya shule, upate jina la shule ya msingi, ya kati na ya sekondari. Kama mtoto ana IEP, ule mpango wa shule kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu, beba nakala. Shule mpya inapaswa kumpa huduma zinazolingana wakati wanatathmini upya, lakini hawawezi kulinganisha na karatasi iliyobaki kwenye kabati la Baltimore.

Nimeachana na mume wangu Maryland, watoto wawili, hatoi hata senti. Nataka kwenda kwa dada yangu Atlanta na kuanza upya. Hana haki ya kunizuia, sivyo?

Dada, anayo. Kutokutoa matunzo na haki ya kuwaona watoto ni mambo mawili tofauti mbele ya jaji, hata kama mbele ya mama yako ni jambo moja. Kama kuna amri ya mahakama kuhusu watoto, isome neno kwa neno, kisha uombe ruhusa kwanza. Kama haipo, jimbo walimoishi kwa miezi 6 mfululizo iliyopita ndilo kwa kawaida lenye mamlaka, yaani hata ukifika Georgia kesi itafunguliwa Maryland, nawe utaonekana kama uliyewatorosha. Nenda na karatasi mkononi. Na hayo matunzo yadai kupitia ofisi ya jimbo, itamfuata popote alipo.

Tunaishi na mama mkwe Minneapolis, ana miaka 71, anapanda basi mwenyewe kwenda kanisani na dukani. Tunafikiria Arlington, Texas. Atazoea?

Nashukuru kwamba mmoja wenu ameuliza habari za bibi. Wengine mnamhesabu kama yaya tu.

Arlington ni mji wa watu karibu laki nne na haina mabasi ya kawaida. Kuna gari dogo la kuita kwa simu tu. Vitongoji vingi vipya vinavyouzunguka mji havina hata hicho, na njia ya waendao kwa miguu huishia ghafla kwenye nyasi. Mtaani kwangu yuko mama mmoja kutoka Kisii aliyeletwa na mwanawe. Kila siku saa tisa na nusu alasiri anafungua mlango wa gereji, anaweka kiti cha plastiki kwenye ukingo wa kivuli na kuketi, kwa sababu ndiyo saa basi la shule linashusha watoto na ndipo anapoona watu. Wakubwa hawaoni. Magari yanaingia gereji, mlango unashuka, kwisha. Siku nilipompelekea viazi vitamu alinishika mkono akaniuliza, "Kwani hapa majirani hufa lini? Sijaona msiba."

Tafuteni nyumba ambayo duka na kanisa viko umbali wa miguu yake. Itakuwa ndogo, itakuwa ya zamani, na mtakasirika. Jambo la pili ni bima yake: kama ni ile ya jimbo la Minnesota, inakoma mkihama. Texas kuna Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lakini kwa mwenye grinikadi ya chini ya miaka mitano mlango ni mwembamba. Pigeni simu kabla, mkataje umri wake na miaka ya kadi yake, na mjaze dawa zake za presha za kutosha kabla hamjafunga mabegi.

Tuhame kabla ya shule kufunguliwa au tungoje?

Kabla. Ila angalieni kalenda ya huko, si ya kwenu. Wilaya nyingi za Texas hufungua katikati ya Agosti, wakati nyie Massachusetts bado mko ufukweni. Watawataka kadi ya chanjo na uthibitisho wa makazi, yaani mkataba wa pango au bili ya umeme yenye jina lenu. Bili iliyo kwa jina la shemeji aliyewapokea haitoshi peke yake, na karani atawarudisha nyumbani akitabasamu.