Usifute miadi ya Holta kwa sababu saa imekuandikia "mdundo wa kawaida"

Mkuu, usipige hiyo simu ya kufuta miadi. Soma kwanza, kisha nitukane ukipenda.

Umesema jioni moyo unaenda mbio na kurukaruka, unakaa, unavuta pumzi, na ukishatulia unaweka kidole kwenye saa, nayo inakuandikia mdundo wa kawaida. Kila mara kawaida. Daktari alishakupangia kuvaa Holta, kile kifaa kinachorekodi mdundo wa moyo mfululizo usiku na mchana, wewe unaona ni usumbufu kwa kuwa "saa imeshajibu". Halafu ukauliza saa ipi kati ya hizo mbili ni sahihi zaidi, ivaliwe mkono gani, ikazwe kiasi gani, na kama inafaa kuogelea nayo.

Mimi nimekwama hapo kwenye kutulia kwanza. Hapo ndipo nilipoliwa na mimi.

Saa yangu haikuwa bandia. Ilikuwa na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, imeidhinishwa, ina kila kitu. Moyo ukianza vituko vyake, nasubiri viishe, nakaa kitini mgongo umenyooka, mkono juu ya meza, ndipo napima. Sekunde 30. Mdundo wa kawaida. Nalala. Nikajikusanyia mafaili ya PDF, nikayapanga kwa tarehe, nikamtambia mke wangu kwamba hata hospitali hawana kumbukumbu safi namna hii. Holta nikaifuta kwa simu, tena kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi.

Nani alinifundisha kusubiri? Jamaa mmoja wa video za kuchambua vifaa, yule wa taa za rangi nyuma na kipaza sauti kikubwa kuliko akili. Alisema, na bado nalisikia: "Tulia dakika kumi, upate mstari msafi. Ukiwa msafi, usimpelekee daktari muda wako." Watu maelfu wakapenda. Na kule dukani aliyeniuzia akaniambia saa inaulinda moyo "saa ishirini na nne", kwa hiyo kama kungekuwa na jambo ingeniita. Hawa wawili siku nikikutana nao pamoja naomba mnizuie.

Maana mstari msafi ndio ule ule nisiouhitaji. Mpapatiko wa atria (vyumba vya juu vya moyo), huu ambao saa nyingi huuandika AFib, kwa watu wengi mwanzoni unakuja na kuondoka wenyewe. Unaweza kukaa dakika, unaweza kukaa masaa, kisha moyo unarudi kwenye mdundo wake na hakuna alama iliyobaki. Ukipima baada ya hapo, saa haijakosea hata kidogo. Imepima moyo uliotulia, ikasema umetulia. Kipimo ni sahihi kabisa, kinajibu tu swali ambalo hukuuliza.

Kilichonigharimu ni hiki. Asubuhi moja nilikuwa nafunga kamba za viatu, mkono wa kulia ukakataa amri. Vidole vipo, nikiviambia shika, havishiki. Nikataka kumwita mtu, maneno yakatoka yamechanganyika. Dakika chache baadaye kila kitu kikarudi, na mimi, kwa uhodari wangu wote, nikafanya nini? Nikapima ECG kwenye saa. Mdundo wa kawaida! Nashukuru mke wangu hakuomba kuona PDF, aliomba gari.

Hospitali waliniambia ni kiharusi cha mpito. Mapigo ya atria yakipapatika, damu haisukumwi vizuri, inatuama kwenye kijifuko kidogo cha atria ya kushoto, inaganda, na bonge likichomoka njia yake inaweza kuishia kwenye ubongo. Mtu mwenye mpapatiko ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiye nao, na ndiyo sababu wengi wao hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo mimi sikuwa nameza, kwa kuwa hakuna aliyejua nazihitaji, kwa kuwa Holta niliifuta. Unaona mnyororo ulivyo.

Sasa sikiliza jambo lililonivunja nguvu. Pale pale hospitali walinipima ECG kubwa, ile ya elektrodi kumi kifuani na kwenye mikono na miguu, inayoutazama moyo kwa pembe 12 wakati saa inautazama kwa pembe moja tu. Nayo ikatoka safi! Mashine ya maana, watu waliosomea, na bado haikuona kitu, kwa sababu mpapatiko ulikuwa umeshapita. Nikaanza kujitetea kwamba unaona, saa yangu haikusema uongo. Daktari wa moyo akafungua zile PDF zangu moja baada ya nyingine, akaangalia zilichukuliwa saa ngapi, akaniuliza kama nilipima wakati moyo unaruka au baada yake. Nikajibu kwa fahari kwamba baada, nikiwa nimetulia. Akasema: "Umeniletea picha nzuri sana za nyumba, zote umepiga mwizi akiwa ameshaondoka."

Kwa hiyo hii ndiyo kanuni, na sitaacha kuirudia hata mnifungie akaunti: PIMA WAKATI MOYO UNARUKA. Ukiwa umesimama, unahema, jasho linatoka, mkono unatetemeka, pima. Bora upate mstari mchafu wa tukio lenyewe kuliko mistari mia misafi ya nafasi kati ya matukio. Ukiweza, kaa na uegemeze mkono ili misuli isichafue sana, ila usisubiri uishe. Saa ikiandika "haijulikani", usiifute hiyo rekodi kwa hasira. Hifadhi. Programu ya saa inatoa jina, daktari anasoma mstari, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Baadhi ya programu hizo hushindwa hata kuutaja mdundo mapigo yakipita kiwango fulani, kwenye toleo la kwanza la Apple ilikuwa 120 kwa dakika, na moyo unaopapatika unavuka hapo bila shida. Mimi nilikuwa na rekodi moja ya namna hiyo, nikaifuta kwa sababu inaharibu mpangilio wa folda. Ndiyo. Folda.

Na wale wanaosema "utafiti umethibitisha saa", wasome huo utafiti. Mkubwa wa Apple uliochapishwa 2019 ulikuwa na watu 419,297. Waliopata onyo la mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa asilimia 0.52 tu. Hao walitumiwa kiraka cha ECG wavae kifuani hadi wiki moja, na kwa waliovirudisha vikasomwa, mpapatiko ulionekana kwa asilimia 34. Watu wakapiga kelele kwamba saa inadanganya theluthi mbili. Lakini angalia zile nyakati ambazo kiraka kilikuwa kifuani na saa ikatoa onyo hapo hapo: asilimia 84 zilikubaliana. Shida kubwa ilikuwa muda, kiraka kilifika siku nyingi baada ya onyo. Kile nilichofanya mimi kitini, wao kiliwapata kwa posta.

Pia tambua kwamba ambao saa haikuwaita hawakupewa kiraka. Maana yake utafiti ule unakuambia uiamini kiasi gani saa inapopiga kelele. Kuhusu saa iliyonyamaza haukuambii chochote, na wewe mkuu unataka kufuta Holta kwa ushahidi wa saa iliyonyamaza.

Ile "saa ishirini na nne" ya muuzaji nayo ni hadithi. Zile taa za kijani nyuma ya saa zinasoma damu inavyopita chini ya ngozi na kukisia mdundo kutokana nayo. Ukitembea, ukiosha vyombo, usomaji unachafuka, kwa hiyo ukaguzi wa mdundo hufanyika kwa vipindi ukiwa umetulia. Kwenye Apple onyo linasubiri hadi ukaguzi wa mara tano uonyeshe kasoro, ukiwa umesambaa kwa angalau dakika 65. Vituko vyako vya dakika ishirini jioni vinaweza kupita hapo mwaka mzima bila saa kukohoa. Na kuna mapigo ya ziada yanayokuja mapema, moyo unapiga kabla haujajaa, wimbi la damu halifiki vizuri kwenye kifundo cha mkono, saa inahesabu nusu. Mtu ana 80 kifuani, saa inasema 40, anaanza kuandika wosia.

Wala isije mtu hapa kuniuliza kuhusu maumivu ya kifua. ECG ya saa haitambui mshtuko wa moyo, watengenezaji wenyewe wanaandika hivyo. Kifua kikibana, mkono ukilegea, mdomo ukipinda, usitafute kitufe cha kupima. Mimi nilitafuta. Piga simu ya dharura.

Kamba: ivute ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, isicheze, isikate damu. Tatuu iliyojaa wino inazuia mwanga, basi tumia mkono mwingine. Inatosha, hayo mengine wadau watakujibu, na kusema kweli saa zote mbili ulizotaja zitakudanganya sawasawa ukipima baada ya tukio.

Nenda kavae Holta. Uzuri wake hauhitaji wewe ukumbuke kupima, inarekodi usiku kucha ukiwa umelala na mchana ukiwa bize. Nyingi zina kitufe cha kubonyeza ukisikia kitu, kibonyeze papo hapo, na wakikupa daftari andika saa na ulichokuwa unafanya, bila aibu. La kwangu niliandika ukweli: saa mbili usiku, nabishana na shemeji kuhusu penalti. Walipolinganisha na rekodi, mpapatiko ulikuwa umeanza dakika hiyo hiyo. Daktari akasema haimaanishi ubishi ndio uliouleta. Shemeji ameomba nakala ya maneno hayo kwa maandishi.