Shule ya lori: usomee kampuni au ulipe mwenyewe?

Barua nyingi za wiki hii zinauliza jambo moja, leseni ya CDL ya Daraja A hapa Marekani, yaani ya kuendesha malori makubwa yenye trela, na njia ya kuipata. Nimejibu zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine.

Kampuni imeniambia itanifundisha bure, tena inanilipia basi na hoteli. Hasara iko wapi? (Columbus, Ohio)

Si bure, ndugu yangu. Ni deni unalolilipa kwa miezi ya kazi. Unasaini kwamba utawafanyia kazi muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja, na ukiondoka mapema ada inakurudia wewe. Mikataba mingine inakudai hata wakikufukuza wao.

Tuseme ada ni dola 6,000 na muda ni miezi 12. Mkataba mmoja unakupunguzia dola 500 kila mwezi unaoumaliza, kwa hiyo ukiondoka baada ya miezi tisa unadaiwa 1,500. Mwingine haupunguzi kitu mpaka mwaka utimie. Huo ukiuvunja mwezi wa kumi na moja, unadaiwa zote 6,000. Kwenye tangazo yote miwili inaitwa "mafunzo ya bure".

Tafuta pia siku ambayo mwaka unaanza kuhesabiwa. Ni siku ya kuingia darasani, ya kupata leseni, au ya kukabidhiwa lori lako? Kati ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miezi miwili au zaidi. Kisha soma riba, soma kinachotokea ukiugua, na ujue nani analipa nauli ya kurudi ukishindwa kipimo cha afya siku ya pili.

Yote haya uyasome nyumbani, mkataba ukiwa kwenye barua pepe yako. Wakikuambia "utasaini ukifika", usipande basi. Ukishafika uko mbali na kwako, kitanda ni chao, chakula ni chao, na mwenye kalamu anakungoja. Hapo hakuna anayesoma ukurasa wa saba.

Na ukiamua kuondoka, usiliache lori njiani. Lirudishe kwenye yadi yao, piga picha, omba karatasi ya makabidhiano. Lori lililotelekezwa linaandikwa kwenye rekodi yako ya ajira, na kampuni nyingine zitaliona kabla hazijakupigia simu.

Nina akiba kidogo. Shule binafsi inanipa saa 160. Zinatosha? (Dallas)

Saa 160 za nini? Tangu tarehe 7 Februari 2022 kuna mafunzo ya lazima kwa wanaoanza, lakini serikali kuu haikuweka idadi ya chini ya saa. Nadharia unatakiwa upate asilimia 80, na udereva mwalimu anathibitisha kwamba unaweza. Basi, piga hesabu mwenyewe. Kama saa 40 ni za darasani zinabaki 120. Kama kila lori lina wanafunzi wanne, wewe unashika usukani saa 30, na zilizobaki unatazama wenzako wakirudi nyuma. Uliza swali hili kwa mdomo: wanafunzi wangapi kwa lori moja? Nenda uwanjani Jumatatu asubuhi ukawahesabu.

Kabla ya kulipa hata senti, pita ofisi ya ajira ya kaunti yako uulize fedha za WIOA, yaani msaada wa serikali kuu wa kulipia mafunzo ya kazi. Zinaweza kulipa ada yote, lakini mpaka wakuidhinishe kwanza. Ukishajilipia, usitegemee kurudishiwa. Vyuo vya jamii pia viangalie, vingi vina kozi hii. Na lori la mtihani ni la gia gani? Ukifanya mtihani kwa otomatiki, leseni inawekewa alama E, na huruhusiwi kuendesha la gia za mkono.

Ukiweza kulipia mwenyewe bila kukopa kwa riba kubwa, lipia. Ukishapata leseni unachagua kampuni, na baadhi yao hukurudishia ada kidogo kidogo kila mwezi. Asiye na akiba asione haya kwenda kwa kampuni, ila aende akiwa ameshausoma mkataba.

Kuna shule inatoa cheti bila kuhudhuria. Ni halali? (Minneapolis)

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Shule isiyo kwenye orodha ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori, haiwezi kukufikisha kwenye mtihani, na Desemba 2025 wizara ya uchukuzi ilitangaza kuanza kuondoa karibu shule 3,000 kwenye orodha hiyo. Angalia jina la shule yako leo, si siku uliyojiandikisha.

Mimi ni mwanamke. Naogopa kulala lori moja na mwalimu mwanamume wiki nzima. Nikilipia shule mwenyewe nitaepuka hilo? (Seattle)

Hutaepuka, dada yangu, na hili shule nyingi hazilisemi. Leseni yako ikiwa mpya, kampuni za safari ndefu zitakuweka na mwalimu wao hata kama ulijilipia. Kitanda cha juu, kitanda cha chini, pazia katikati. Uliza kwa maandishi: mna walimu wanawake, foleni yao ni ya muda gani, na nikingoja mnanilipa? Njia nyingine ni kazi ya kurudi nyumbani kila siku, ambako mafunzo ni ya mchana tu. Hofu yako ni ya haki, usikubali mtu aiite deko.

Nimefeli breki za upepo mara mbili, na shule inataka nilipe tena. (Houston)

Marudio mangapi yamo ndani ya ada? Hilo lilitakiwa liwe kwenye mkataba. Twende kwenye breki zenyewe.

Zuia magurudumu. Zima injini, kisha rudisha ufunguo kwenye umeme bila kuwasha. Sukuma vitufe vyote viwili vya breki za kuegesha, cha manjano na chekundu. Kanyaga breki kwa nguvu, acha sindano ya geji ya upepo itulie, ndipo uhesabu dakika moja. Lori lenye trela lisipoteze zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Wengi wanaanza kuhesabu sindano ikiwa bado inashuka, wanajiangusha wenyewe. Baada ya hapo kanyaga na kuachia mara nyingi. Onyo lilie kabla upepo haujashuka chini ya psi 55. Kama ufunguo umezimwa halitalia, na hilo ndilo kosa ninalolishuku kwako. Endelea kukanyaga mpaka vitufe viruke, kwa kawaida kati ya psi 45 na 20. Taja kila namba kwa sauti. Mtahini anaandika anachokisikia, na kufeli hapa ni kufeli mtihani wote siku hiyo.

Utaje kwa Kiingereza. Tangu Juni 25, 2025, dereva asiyeweza kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza anasimamishwa palepale barabarani.

Nina miaka 19. (Kansas City)

Ndani ya jimbo lako tu. Kuvuka jimbo ni 21. Na bangi iache hata kama jimbo lako limeihalalisha, mirungi pia. Sheria ya madereva ni ya serikali kuu.

Mwaka wa mafunzo haujaisha, kampuni inataka nichukue lori la kukodi mpaka liwe langu. (Phoenix)

Kataa kwa sasa. Makato ya kila wiki ya lori yanakwenda hata wiki usiyopata mzigo. Dizeli ni yako, matairi ni yako, na fundi umlipe wewe. Ukishindwa, lori linarudi kwao na deni la shule bado liko palepale. Maliza mwaka kwenye lori lao, weka akiba ya matengenezo, kisha mpelekee mwanasheria mkataba huo pamoja na ule wa mafunzo, aisome yote miwili kwa pamoja.